Jinsi ya kuisoma siku moja ya rais kwenye nyaraka: 9 Mei 1970, saa kwa saa

Siku moja ya rais wa Marekani huacha karatasi nyingi, na karatasi hizo hazikai pamoja. Ratiba iko kwenye mkusanyo mmoja, simu kwenye mwingine, picha kwingine kabisa, na maelezo ya rais mwenyewe huenda yamelala kwenye jalada la msaidizi aliyeandikiwa. Kazi ya mtafiti ni kuzikutanisha. Nitaonyesha ninavyoifanya kwa kutumia Jumamosi ya tarehe 9 Mei 1970, siku ambayo Richard Nixon alitoka Ikulu kabla ya mapambazuko akaenda kuzungumza na wanafunzi waliokuja mjini kumpinga. Nimeichagua kwa sababu tukio lake kuu lina maelezo kadhaa yasiyopatana, na mtafiti anajifunza zaidi nyaraka zinapogombana kuliko zinapokubaliana.

Hatua ya 1: Chagua siku ambayo nyaraka zake zinapatikana

Umaarufu wa siku si kigezo. Uliza kwanza kama karatasi zake zimefunguliwa, na jibu linategemea sheria ya wakati ule. Kwa muda mrefu nyaraka za rais zilihesabiwa kuwa mali yake binafsi. Akiondoka madarakani anaondoka nazo, akipenda anazitoa kwa taifa. Nixon alipojiuzulu Agosti 1974, Bunge la Marekani lilipitisha sheria mwaka huohuo ya kuziweka nyaraka zake na kanda zake za sauti mikononi mwa serikali. Sheria ya 1978 ikaenda mbali zaidi: nyaraka zote za urais kuanzia tarehe 20 Januari 1981 ni mali ya umma. Lakini kuwa mali ya umma hakumaanishi kuwa wazi. Maombi ya wananchi huanza kupokewa miaka 5 baada ya rais kuondoka, na baadhi ya makundi ya nyaraka yanaweza kufungwa hadi miaka 12.

Kwa anayeanza, ushauri wangu ni Nixon au Lyndon Johnson, rais aliyemtangulia. Nyaraka za Johnson ziko Austin, Texas. Za Nixon ziko Yorba Linda, California, kwenye maktaba iliyoingia chini ya Nyaraka za Taifa za Marekani, idara ya serikali inayotunza kumbukumbu za nchi, mwaka 2007. Sehemu kubwa ya utakachohitaji mwanzoni utaipata mtandaoni.

Hatua ya 2: Fungua shajara, lakini ujue imetengenezwaje

Cha kwanza kufungua ni Shajara ya Rais ya Kila Siku. Ni fomu iliyopigwa taipu. Juu pameandikwa mahali siku ilipoanzia, tarehe na saa. Chini kuna safu za muda, tukio lilianza lini na likaisha lini. Kisha safu ya simu, yenye herufi P kama rais ndiye aliyepiga na R kama alipigiwa. Kisha safu pana ya shughuli. Wageni wakiwa wengi, majina yao hayaandikwi kwenye fomu yenyewe. Yanawekwa kwenye viambatisho nyuma, na fomu inakuelekeza huko kwa herufi. Wengi husoma fomu wakaishia hapo, ilhali jina wanalolitafuta limo kwenye kiambatisho.

Lugha yake ni kavu na haibadilikibadiliki, jambo ambalo ni faida kwako. Ikisema rais alizungumza na fulani, simu ilipokewa na maongezi yalifanyika. Ikisema alimpigia fulani na simu haikukamilika, usije ukaandika kwamba waliongea. Simu isiyokamilika nayo ni ushahidi: inaonyesha rais alimtaka nani saa ile.

Sasa kuhusu utengenezaji wake. Hakuna aliyetembea nyuma ya rais akiwa na kalamu na saa. Mwandishi wa shajara alikusanya kumbukumbu za Secret Service, kikosi kinachomlinda rais, za wahudumu wa makazi, za swichibodi na orodha za miadi, akaziunganisha baadaye kuwa karatasi moja. Kwa hiyo shajara ni hodari kwa nani, wapi na lini. Kwa kilichosemwa ni dhaifu, na kwa sababu ya kusemwa kwake ni bubu.

Kwa siku yetu, inatuambia kwamba rais aliondoka Ikulu saa 10:35 alfajiri kwenda Lincoln Memorial, jengo la kumbukumbu ya Rais Abraham Lincoln. Haituambii kwamba siku 5 kabla, tarehe 4 Mei, askari wa Ohio National Guard, jeshi la akiba la jimbo hilo, waliwapiga risasi na kuwaua wanafunzi 4 katika Chuo Kikuu cha Kent State. Haisemi kwamba Washington ilikuwa imejaa vijana waliokasirishwa na tangazo lake la tarehe 30 Aprili la kupeleka majeshi Kambodia. Hayo unayaleta wewe.

Hatua ya 3: Tengeneza jedwali la saa

Fungua lahajedwali yenye safu 5: saa, mahali, waliokuwepo, kilichotokea kwa mujibu wa nani, na waraka huo uliandikwa lini. Safu ya mwisho ndiyo watu huiruka, nayo ndiyo itakayokuokoa huko mbele.

Andika saa kwa mtindo wa saa 24. Shajara inatumia mtindo wa Kimarekani wa kabla na baada ya adhuhuri, simu za maandishi za kibalozi na za kijeshi hutumia saa ya Greenwich, na sisi wasomaji wa Kiswahili tuna hesabu yetu ya kuanzia jua linapochomoza. Ukichanganya zote tatu, utajikuta na rais aliyekuwa sehemu mbili kwa wakati mmoja. Alfajiri ile Washington ilikuwa nyuma ya Greenwich kwa saa 4. Kwa hiyo 04:35 ya shajara ni 08:35 kwenye simu ya maandishi. Badili kwenda saa ya Kiswahili unapoandika makala yako ya mwisho, si kabla.

Halafu chukua shajara ya siku iliyotangulia pia. Fomu inakatika usiku wa manane, lakini binadamu hakatiki. Nixon alikuwa na mkutano na waandishi wa habari saa 4 usiku wa tarehe 8, kisha akashika simu na hakuiachia hadi baada ya saa 9 usiku. Usiku huo mmoja umegawanyika kwenye shajara mbili, na ukisoma ya tarehe 9 peke yake utadhani aliamka ghafla akatoka. Ukweli ni kwamba alikuwa hajatulia tangu jioni.

Hatua ya 4: Fuata simu

Chukua kila mstari wa simu kwenye jedwali lako ujiulize: upande wa pili aliandika chochote? Usiku ule majina ya Henry Kissinger, mshauri wake wa usalama, na H. R. Haldeman, mkuu wa watumishi wa Ikulu, yanajirudia. Bahati ni kwamba wote wawili walikuwa waandikaji.

Kissinger alikuwa na utaratibu wa makatibu wake kusikiliza simu zake na kupiga taipu maongezi. Maandishi hayo ya enzi ya Nixon yalifunguliwa na Nyaraka za Taifa mwaka 2004, maelfu ya kurasa, yakiwa yamepangwa kwa tarehe. Linganisha saa iliyo kwenye shajara na iliyo juu ya ukurasa wa Kissinger. Zikitofautiana kwa dakika mbili tatu usishangae, kwani saa za ukutani hazikuwa moja. Si kila simu ina maandishi. Pale ambapo hayapo, andika kwenye jedwali kwamba hayapo, usiliache tundu likajizibe lenyewe kwa makisio.

Haldeman yeye aliandika shajara yake binafsi kila siku, kwa mkono wakati huo. Aliihesabu siku hiyo kuwa ya ajabu kuliko zote zilizotangulia, na akaonyesha wasiwasi juu ya hali ya bosi wake. Hilo huwezi kulipata kwenye fomu yoyote.

Hatua ya 5: Tafuta madokezo, na uyapime moja baada ya jingine

Hapa ndipo siku inapoanza kusema. Mwongozo wa mkusanyo, ile orodha inayokuonyesha masanduku na majalada yaliyomo, ndio ramani yako. Kwa Nixon angalia majalada ya ofisi ya rais, majalada ya wasaidizi mmoja mmoja, na majalada maalumu yaliyotengwa na mengine kwa unyeti wake. Usitafute kwa tarehe ya tukio tu. Songa mbele wiki moja au mbili. Watu huandika juu ya jambo baada ya kulala nalo.

Ndivyo ilivyokuwa. Tarehe 13 Mei, siku 4 baadaye, Nixon alimwandikia Haldeman dokezo refu juu ya safari ile. Anaeleza kwamba alikuwa akisikiliza muziki wa Rachmaninoff, mtumishi wake Manolo Sanchez akaja, naye Nixon akamwuliza kama amewahi kuiona Lincoln Memorial usiku. Anaeleza aliyowaambia wanafunzi kuhusu amani, kusafiri na kuwajua watu wengine. Anaeleza walivyokwenda hadi Bungeni, Sanchez akaketishwa kwenye kiti cha Spika, kisha wakapata kifungua kinywa katika hoteli ya Mayflower.

Linganisha na magazeti. Baadhi ya wanafunzi waliohojiwa asubuhi ile walisema rais aliwaongelea mpira wa chuo chao cha Syracuse, na mawimbi ya California kwa waliotoka huko. Walimwona mtu aliyechoka, asiyegusa lililowaleta. Yupi mkweli?

Kabla ya kujibu, rudi kwenye safu yako ya tano. Wanafunzi walizungumza saa chache baadaye, wakiwa na hasira, wakiulizwa na mwandishi anayetaka sentensi moja fupi. Nixon aliandika baada ya kuyasoma waliyoyasema, na dokezo lenyewe linalalamika kwamba watu wake wameacha hadithi isimuliwe vibaya. Kwa hiyo ni kumbukumbu na ni utetezi, vyote kwa pamoja. Lakini kuwa utetezi hakulifanyi kuwa uongo: maelezo madogo yasiyomsaidia chochote, kama ule muziki au kile kiti cha Spika, mimi huyaamini kuliko muhtasari wa hotuba yake ya hekima. Mtu anayejitetea hunyoosha maneno yake mwenyewe. Samani huziacha zilivyo.

Shahidi mwingine ni Egil Krogh, msaidizi kijana aliyekuwa zamu usiku ule. Alisimulia miaka mingi baadaye jinsi alivyosikia kwenye redio ya walinzi kwamba Searchlight, jina la siri la Nixon, yuko bustanini, naye akamkimbilia. Ushahidi wake ni wa kumbukumbu ya muda mrefu, kwa hiyo nautumia kwa mandhari na siutumii kwa dakika. Dakika nazichukua kwenye shajara.

Hatua ya 6: Picha

Omba karatasi za majaribio za ofisi ya wapiga picha wa Ikulu, zile zenye fremu zote za mkanda mmoja, badala ya picha moja iliyochapishwa. Mfano unaofaa ni tarehe 21 Desemba 1970, Elvis Presley alipomtembelea Nixon. Dunia inaijua picha moja ya kupeana mikono. Fremu nyingine zinaonyesha waliokuwa pembeni na vilivyokuwa juu ya meza. Namba za mkanda na fremu pia zinakupa mfululizo wa matukio.

Hatua ya 7: Kanda, kama siku yako inazo

Nixon alirekodi mazungumzo ofisini kati ya tarehe 16 Februari 1971 na 12 Julai 1973, takriban saa 3,700 kwa jumla. Siku yetu ya Mei 1970 haimo, na ndiyo maana ni shule nzuri: huwezi kuegemea sauti ya chumbani.

Ukipata siku yenye kanda, nenda nayo sambamba na shajara. Mitambo mingi ilijiwasha kwa sauti, kwa hiyo mwanzo wa sentensi hukatika, na orodha ya kanda mara nyingi inatoa saa za kukadiria. Shajara ndiyo inayokwambia nani aliingia. Mfano mashuhuri ni tarehe 20 Juni 1972, siku 3 baada ya wavunjaji kukamatwa katika ofisi za chama cha Democratic kwenye jengo la Watergate. Kwenye kanda ya mazungumzo ya Nixon na Haldeman kuna dakika 18 na nusu za mvumo mtupu. Wataalamu waliokabidhiwa kanda hiyo waliripoti Januari 1974 kwamba ilifutwa mara 5 au zaidi, na mwaka 2003 Nyaraka za Taifa zilikubali kwamba sauti ile hairudishiki kwa teknolojia iliyokuwepo. Lakini shajara inaonyesha mkutano ulifanyika, na daftari la Haldeman lina maandishi yake ya mkutano huohuo. Kanda ikinyamaza, karatasi ya pembeni bado inaongea.

Hatua ya 8: Soma kilichoondolewa

Mbele ya jalada utakuta karatasi inayoorodhesha nyaraka zilizotolewa humo: aina yake, nani kwa nani, tarehe, idadi ya kurasa, na herufi ya sababu, iwe usalama wa taifa au faragha ya mtu. Iingize kwenye jedwali lako kama waraka kamili. Kujua kwamba dokezo la kurasa 2 lilitoka kwa Kissinger kwenda kwa rais asubuhi fulani tayari ni habari, hata kabla ya kujua lilisema nini.

Kama sababu ni usiri wa kiserikali, jaza fomu ya kuomba waraka upitiwe upya. Taja mkusanyo, sanduku, jalada na namba ya waraka kama ilivyo kwenye karatasi ile. Ombi la jumla jumla hurudishwa. Jibu huchukua muda mrefu, wakati mwingine miaka, na linaweza kuja na mistari iliyofunikwa. Tuma hata hivyo, weka nakala ya ombi, na acha mstari huo kwenye jedwali ukiwa na tarehe uliyotuma.