Namna ya Kulitafsiri Neno "Fallout"

Mfasiri anayekutana na neno la Kiingereza "fallout" aanze kwa kujiuliza kama katika habari anayoitafsiri kuna kitu kinachoanguka kutoka angani. Kikiwapo, akitaje kitu chenyewe. Tarehe 1 Machi 1954 Marekani ililipua bomu la nyuklia la megatoni 15 katika visiwa vya Bikini, Bahari ya Pasifiki. Mlipuko ukayasaga matumbawe na kuyarusha juu, na saa chache baadaye unga mweupe wenye mionzi ukawashukia wavuvi 23 wa Japani waliokuwa katika chombo chao, Daigo Fukuryu Maru, nje ya eneo la hatari lililokuwa limetangazwa. Hapo "vumbi la mionzi" latosha, na mvuvi wa hapa Tanga, aliyezoea kuyaona matumbawe maji yanapokupwa, ataelewa bila kufafanuliwa.

Kazi ngumu ni maana ya pili, ambayo haina kinachoanguka. Tuchukue sentensi inayozungumzia "fallout" ya uvuvi wa baruti katika mwambao wa Tanga. Wengi wataandika "matokeo", neno ambalo naliona limepoa mno, kwa kuwa hata mtihani una matokeo. "Athari" ni afadhali, ila nayo yaweza kuwa njema au mbaya. "Madhara" ndiyo yenye uchungu unaotakiwa. Hata hivyo, neno la Kiingereza bado limebeba jambo ambalo "madhara" peke yake hayalisemi, nalo ndilo lililowapata wavuvi wale wa Japani: ubaya huja baada ya kishindo kutulia, tena humfika asiyelengwa. Kwa hiyo mfasiri asione haya kuongeza maneno, aandike kwa mfano "madhara ya uvuvi wa baruti yaliyowafika hata wavuvi wa mishipi na madema". Habari ikiwa ya wakubwa waliogombana na wadogo wakaumia, methali ya tembo wapiganao na nyasi ziumiazo yaweza kufaa kuliko nomino yoyote.

Neno hilo likiandikwa kwa kutenganishwa, "fall out", huwa ni kitenzi, na hapo maana hufuata mtenda: marafiki wamekosana, nywele zimepukutika, askari waliokuwa kwenye gwaride wametawanyika.