Kuchagua Kamera ya Kwanza ya DSLR: Tazama Mwanga Kabla ya Kutazama Bei

Vijana wengi wa Mbeya wanaotaka kununua kamera ya kwanza ya DSLR, yaani kamera ya kidijitali yenye kioo ndani na lenzi ya kubadilisha, huanza kwa kuuliza ina megapikseli (mamilioni ya nukta za picha) ngapi, kisha huuliza jina la kampuni, na mwisho huuliza bei. Ningependa waanze kwingine. Mtu aingie kanisani asubuhi ya mwezi Juni, wakati ukungu bado umelala juu ya mlima Loleza, asimame pale anaposimama mpiga picha maharusi wakivishana pete, kisha atazame jinsi mwanga unaofika pale ulivyo mdogo. Jioni aende kwenye ukumbi wa sendofu wenye taa za rangi zinazozunguka, na siku nyingine akae sebuleni kwa bibi yake siku ya kipaimara, mapazia yakiwa yamefungwa kwa sababu ya baridi. Huko ndiko atakakopatia riziki yake, na kamera inayomfaa ni ile itakayofanya kazi huko, si ile inayopendeza kwenye kabati la vioo dukani.

Jambo hili lina hesabu yake. Lenzi inayouzwa pamoja na kamera nyingi za wanaoanza ni ile ya 18-55 mm, ambayo tundu lake la kupitishia mwanga hufunguka hadi f/3.5 ukiwa kwenye 18 mm, lakini ukiivuta hadi 55 mm haifunguki zaidi ya f/5.6. Kadiri namba hiyo inavyokuwa ndogo ndivyo tundu linavyokuwa kubwa. Lenzi ya 50 mm f/1.8, ambayo ni miongoni mwa lenzi za bei ndogo kabisa kwa Canon na kwa Nikon, huingiza mwanga unaokaribia mara kumi ya ule unaoingia kwenye f/5.6. Maana yake ni kwamba pale ambapo lenzi ya kawaida inakulazimisha kupandisha ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, hadi 6400, picha ikajaa chembechembe na ngozi ya bibi harusi ikaonekana kama karatasi ya msasa, lenzi hii itakuruhusu kubaki kwenye 640 hivi kwa kasi ileile ya shata, yaani pazia la ndani linalofunguka na kufunga kila picha inapopigwa. Hakuna bodi (kamera yenyewe bila lenzi) ya mwanzoni, hata iwe mpya kiasi gani, itakayokupa tofauti kubwa namna hiyo kwa fedha hizo.

Kwa hiyo ushauri wangu ni kununua bodi ya kawaida iliyotumika, na fedha inayobaki uiweke kwenye lenzi. Tuseme una shilingi 1,000,000, na huu ni mfano wa kugawa fedha tu, wala si bei ya soko: bodi pamoja na lenzi yake ya 18-55 mm isizidi nusu, robo iende kwenye lenzi yenye tundu kubwa, na robo inayobaki inunue betri ya pili, memori kadi mbili, begi lenye sponji na flashi ya kawaida. Nimeona wengi wakimaliza fedha yote kwenye bodi, halafu wanakwenda kwenye harusi na betri moja.

Lenzi ya 50 mm nayo ina kasoro yake, na ni vizuri uijue mapema. Kamera nyingi za wanaoanza zina sensa (sehemu ya ndani inayopokea picha) ya ukubwa unaoitwa APS-C, iliyo ndogo kuliko fremu ya filamu ya 35 mm, na kwa sababu hiyo kila lenzi huonekana kuvuta zaidi: kwa Canon mara 1.6, kwa Nikon mara 1.5. Lenzi ya 50 mm basi hutenda kama ya 80 mm au 75 mm. Hiyo ni nzuri mno kwa picha ya uso, lakini katika sebule ndogo ya Iyunga utarudi nyuma hadi mgongo ugonge kabati na bado familia nzima haitaenea. Kwa vyumba vidogo, mwenye Nikon atafute 35 mm f/1.8 ya aina ya DX, na mwenye Canon anaweza kutumia 24 mm f/2.8 ya EF-S, zote zikiwa za sensa hiyo ndogo; hiyo ya Canon ndiyo ambayo ni nyembamba kiasi cha kuingia mfuko wa koti. Asiyelenga harusi bali mandhari na maua ya Kitulo, yanayochanua hasa kati ya Desemba na Aprili, hana haja ya kuharakia lolote kati ya hayo, kwa kuwa lenzi ya 18-55 mm iliyowekwa kwenye f/8 mchana itampa picha safi. Anayewaza ndege wa Usangu au wanyama wa Ruaha atahitaji lenzi ndefu, kama ile ya 55-250 mm ya Canon.

Kuhusu megapikseli sitasema mengi. Kamera ya megapikseli 12, kama Nikon D90, hutoa picha ya nukta 4288 kwa 2848, na ukiichapa kwa nukta 300 kwa inchi inazidi karatasi ya A4. Kamera ya megapikseli 18, kama Canon 600D, inakaribia A3. Wateja wengi wa Mbeya na Iringa huchapisha picha ndogo za kuweka kwenye albamu, na zinazobaki hutazamwa kwenye simu.

Kati ya Canon na Nikon, chagua ile ambayo mtu wako wa karibu anaitumia, ili muweze kuazimana lenzi, chaja na betri. Hata hivyo kila upande una mitego yake. Kwa upande wa Nikon, kamera za mfululizo wa D3000 na D5000 hazina mota ya fokasi (ya kuifanya picha ionekane kali) ndani ya bodi, hivyo zinahitaji lenzi yenye mota yake, iliyoandikwa AF-S au AF-P. Ukiweka lenzi ya zamani ya AF au AF-D, picha itapigwa lakini fokasi utaizungusha kwa mkono. Lenzi za AF-P nazo hazifanyi fokasi kwenye bodi za zamani kama D3100. Mimi mwenyewe nililipa ada ya somo hilo: nilinunua Dar es Salaam lenzi ya 50 mm f/1.8D, ya aina hiyo ya AF-D, kwa sababu ilikuwa rahisi, nikarudi nayo Mbeya nikiwa na furaha tele, na kwenye harusi ya kwanza nikatoa jasho nikizungusha fokasi huku shangazi wa bibi harusi akiniuliza kama mashine imeharibika. Muuzaji hakunidanganya, kwani hata mimi sikuuliza.

Kwa upande wa Canon, lenzi za EF zilizoanza kutengenezwa mwaka 1987 zinafanya fokasi kwenye bodi zote za DSLR za kampuni hiyo, jambo linalorahisisha sana kununua vya mtumba. Lenzi za EF-S, kwa upande mwingine, ni za bodi zenye sensa ya APS-C peke yake, kwa hiyo siku ukipata bodi ya sensa kubwa hazitahamia huko. Angalia pia mahali pa kupachika flashi: Canon 250D, iliyotoka mwaka 2019, haina pini ya katikati, na flashi nyingi za bei nafuu zinazotegemea pini hiyo hazitawaka juu yake. Ikiwa mpango wako ni pamoja na kurekodi video, hakikisha bodi ina tundu la maikrofoni. Canon 600D na 700D zinalo, Nikon D5300 inalo, lakini Canon 1300D na Nikon D3500 hazina, na sauti ya kwaya iliyorekodiwa kwa maikrofoni ya ndani ya kamera haimpendezi mtu yeyote aliyelipa.

Huenda mtu akauliza kwa nini anunue DSLR wakati viwanda vyenyewe vimehamishia nguvu kwenye kamera zisizo na kioo cha ndani. Jibu langu ni kwamba uhamaji huo ndio umeleta sokoni kamera nyingi nzuri zilizotumika, pamoja na lenzi zake. Zaidi ya hilo, anayetumia DSLR huchungulia kupitia lenzi kwa kioo wala si kwa skrini, kwa hiyo betri hudumu: Nikon D3500 imepimwa na watengenezaji kwa picha 1,550 kwa chaji moja. Pale ambapo umeme hukatika jioni ya mkesha wa harusi, hilo si jambo dogo.

Sasa tuje kwenye ununuzi wenyewe. Iwe ni kwenye vibanda vya Mwanjelwa, iwe ni Kariakoo, au kwa mpiga picha wa Iringa anayebadilisha vifaa, usitume fedha kwa simu ukasubiri kamera ije kwa basi. Nenda mwenyewe, au mtume mtu anayejua kupiga picha, ukiwa na memori kadi yako na simu yenye tochi, na umwombe muuzaji nusu saa.

Anza na lenzi. Itoe kwenye bodi, fungua vifuniko vyote viwili, imulike kwa tochi kutoka upande mmoja huku ukitazama kutoka upande mwingine kwa pembe. Vumbi kidogo ndani si tatizo. Unachotafuta ni nyuzi nyembamba zilizotandaa kama utando wa buibui, au ukungu mweupe usiofutika: hiyo ni fangasi, nayo huwapata sana watu wa maeneo ya mvua nyingi kama Tukuyu. Lenzi yenye fangasi iache, hata kama bei yake inakuvutia, kwa sababu inapunguza ubora wa picha na gharama ya kuisafisha mara nyingi inazidi thamani yake.

Kisha irudishe lenzi, weka f/16, piga picha ya anga au ukuta mweupe na uikuze kwenye skrini. Madoa meusi ni vumbi lililokaa juu ya sensa, na kwa kawaida husafishika, ingawa ni haki yako kupunguziwa bei kwa ajili yake. Piga pia picha lenzi ikiwa imefunikwa, kwa sekunde moja hivi, uone kama kuna nukta zinazong'aa kwa rangi. Jaribu kila kitufe, mlango wa betri, mlango wa kadi na flashi ya ndani. Fungua menyu, kwa kuwa baadhi ya kamera zilizotengenezwa kwa ajili ya soko la Japani zina Kijapani peke yake. Jina nalo lisikuchanganye: kamera inayoitwa 600D kwetu huuzwa Marekani kama Rebel T3i na Japani kama Kiss X5.

Uliza shata imepiga mara ngapi. Kwa Nikon idadi hiyo huandikwa ndani ya faili ya kila picha, na programu au tovuti za kusomea zipo. Kwa Canon nyingi za mwanzoni inabidi kuiunganisha na kompyuta yenye programu maalumu. Shata za kamera hizi hukadiriwa kudumu mara 100,000 hivi, na mtu anayepiga picha 1,000 kwa kila harusi atafika huko baada ya harusi mia. Kadirio si tarehe ya kufa, ila bodi iliyopiga 90,000 haiwezi kuuzwa kwa bei ya iliyopiga 15,000.

Tazama pia betri. Nikon D3100 hadi D3500 na D5100 hadi D5600 zinatumia familia moja ya EN-EL14, Canon 550D hadi 700D zinatumia LP-E8, na 1100D hadi 1300D zinatumia LP-E10. Chagua kamera ambayo betri yake unaweza kuipata bila kusafiri, na kabla ya kulipa hakikisha chaja iliyomo ni ya aina hiyohiyo.

Ukishaileta nyumbani, tatizo kubwa la nyanda zetu ni unyevu na baridi, na kuanzia Agosti hadi Oktoba ni vumbi. Usiihifadhi kamera kwenye begi la ngozi kabatini miezi mitatu ya mvua, kwani hapo ndipo fangasi huota. Iweke kwenye chombo cha plastiki chenye mfuniko unaobana, pamoja na vipakiti vya kunyonya unyevu kama vile vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu, lakini vile vya viatu vikiwa vimeshachoka havisaidii, hivyo nunua vipya. Kila baada ya wiki moja au mbili itoe upige nayo picha kidogo. Kitulo, kwenye mita 2,600 hivi juu ya usawa wa bahari, betri huishiwa mapema asubuhi. Ya akiba iweke mfuko wa ndani wa koti, karibu na mwili.

Ukiondoka Mbeya na baridi yake ukashuka hadi Kyela kando ya Ziwa Nyasa, ambako hewa ni ya joto na nzito, usifungue begi mara unaposhuka kwenye gari. Lenzi iliyopoa itajaa umande papo hapo, nje na wakati mwingine hata ndani. Ifunge kamera kwenye mfuko wa plastiki kabla ya kuondoka, na ukifika iache humo hadi ipate joto la mahali, kwa nusu saa au zaidi. Ikiwa harusi ni saa nne, fika saa tatu.