Kruza mpya inakuumiza mgongo na haitaki kona? Fanya haya kabla hujanunua kitu

Shemeji yangu kanunua kruza (zile pikipiki ndefu, siti chini, miguu mbele), ya mkononi lakini imetunzwa, inang'aa mpaka unajiona kwenye tanki. Wiki ya pili tu kanipigia simu: "Shemeji, hii pikipiki ni ya kuitazama, sio ya kuendesha." Malalamiko yake nikayaandika kwenye karatasi: kiuno kinawaka baada ya saa moja, vidole vya mkono wa kulia vinakufa ganzi, kwenye kona inamtoa nje ya njia yake, na akienda pole pole kwenye foleni inapepesuka kama mtu aliyetoka kilabuni. Tayari alishapanga kununua siti mpya, usukani mrefu, shokapu mpya na kioo cha upepo, vyote kwa mpigo. Nikamwambia funga pochi, nakuja Jumamosi.

Utaratibu wangu ndio huu hapa. Sharti moja tu, badilisha kitu kimoja, endesha, halafu ndio uguse kingine. Ukibadilisha vitatu siku moja hutajua kipi kimekusaidia na kipi kimekuharibia.

Hatua ya 1: Upepo

Pima tairi zikiwa baridi, yaani pikipiki imelala angalau saa tatu. Namba ya kufuata iko kwenye stika karibu na mnyororo au mkanda wa nyuma, au kwenye kitabu. Ile iliyoandikwa ubavuni mwa tairi ni kikomo cha tairi lenyewe, usijaze mpaka pale. Ya shemeji ilitakiwa psi 36 mbele, tukakuta 24, stelingi lazima iwe nzito hapo. Nunua geji yako mwenyewe, za kujazia upepo barabarani mimi siziamini hata moja.

Ukiwa umechuchumaa hapo hapo angalia umbo la tairi. Kama limelika katikati mpaka limekuwa bapa, pikipiki itagoma kuinama mwanzo wa kona halafu ghafla itajiangusha yenyewe upande. Hapo hakuna seti ya kurekebisha, ni tairi jipya, na likiwa jipya liendeshe kwa upole kilomita 150 za kwanza maana linateleza.

Hatua ya 2: Mahali pa mikono na miguu

Kaa kwenye siti kama unavyokaa siku zote, fumba macho, nyoosha mikono kwenye usukani, weka vidole juu ya breki na klachi. Kama kiganja kimekunjika kwenda juu, legeza bolti ya kishikio cha breki au klachi, kizungushe kishuke mpaka mkono unyooke kuanzia kiwiko hadi kwenye vidole. Ganzi nyingi ya vidole inatoka hapo, na kwenye kushika mpini kama unamkaba mwizi. Mtetemo wa injini una sehemu yake, hasa hizi za silinda mbili zilizokaa V, ila kwanza nyoosha kiganja.

Futresti, yaani vile vyuma vya kukanyagia miguu, ni shughuli nyingine. Kruza nyingi miguu iko mbele sana, uzito wako wote unaangukia kwenye mfupa wa mkia, na ukipita kwenye tuta huwezi kujiinua hata kidogo, kila pigo linapanda moja kwa moja mgongoni. Mimi napenda futresti ziwe katikati na sitabadilisha msimamo, wale wa kunyoosha miguu kwa ajili ya picha wanisamehe. Baadhi ya pikipiki zinakuruhusu kuchagua, Kawasaki Vulcan S kwa mfano futresti zake zina nafasi tatu. Ukisogeza kumbuka kile chuma cha gia nacho lazima kirekebishwe.

Hatua ya 3: Shokapu za nyuma

Hapa watu wanaruka kwa sababu inahitaji watu watatu na futi kamba, lakini ndipo nusu ya malalamiko ya kona yalipojificha. Inua nyuma mpaka tairi lining'inie, pima kutoka nati ya ekseli hadi alama uliyobandika juu yake wima (kipande cha tepu kinatosha). Ishushe, panda ukiwa na nguo zako zote za safari, mmoja akushikie wima, miguu yote juu ya futresti, mwingine apime tena. Tofauti ya namba hizo mbili ndiyo pikipiki inavyozama ukiikalia. Lenga iwe kama theluthi moja ya safari yote ya shokapu (umbali inaoweza kubonyea kutoka juu hadi mwisho), kwa hiyo kama shokapu inasafiri milimita 100, izame 30 hivi. Kruza nyingi safari ya nyuma ni fupi kwa sababu siti imeshushwa, ndio maana ukikosea kidogo tu unagonga chini.

Shemeji ni mtu wa mwili, na pikipiki ilikuwa imewekwa kwa mtu mwembamba. Ilikuwa inazama zaidi ya nusu. Nyuma ikizama mbele inanyanyuka, tairi la mbele linakosa uzito, basi kona inakutoa nje na futresti zinakwaruza lami mapema. Tukakaza kola ya springi, ile ringi inayoibana springi, kwa ile spana yenye ndoano, alama mbili kila upande (shokapu zikiwa mbili lazima zilingane, usikaze moja ukasahau ya pili), tukapima tena.

Na watu waache kusema kukaza springi kunaifanya iwe ngumu. Springi ni ile ile, wewe umeinua tu mahali pikipiki inapokalia. Ukiwa mwepesi na ukakaza mpaka mwisho, shokapu itakuwa inagonga kule juu badala ya chini na mgongo utaumia vile vile.

Hatua ya 4: Beringi za stelingi

Hapa nitakaa sana, nisamehe, maana hii kitu ilinila Jumamosi tatu kwenye pikipiki yangu mwenyewe miaka ya nyuma. Ilikuwa inapepesuka kwenye mwendo mdogo kama ya shemeji. Nikabadilisha tairi la mbele. Ikaendelea. Nikapanga tairi la nyuma upya kwa kamba mbili mpaka jioni, ikaendelea. Nikalaumu barabara, nikalaumu mafuta ya shokapu za mbele nikayamwaga na kuweka mapya, bado. Kumbe fundi mmoja aliyebadilisha sili za shokapu kabla sijainunua alikaza beringi za stelingi, zile zinazoufanya usukani ugeuke kwenye fremu, kupita kiasi, na mimi sikuwahi kufikiria kuzigusa kwa sababu hazikuwa zinacheza.

Shida ni hiyo hiyo, wote tunafundishwa kutafuta beringi iliyolegea, ile unayosikia "kok" ukishika breki ya mbele. Iliyokazwa kupita kiasi haina sauti. Pikipiki ikienda pole pole inajisawazisha yenyewe kwa tairi la mbele kugeuka kidogo kidogo kushoto kulia, sasa beringi ikibana, tairi haligeuki lenyewe, unalazimika wewe kuligeuza, unachelewa, unazidisha, unarudisha, ndio kule kupepesuka. Ukiongeza mwendo inageuka kuwa kuyumba kwa pole pole ambako unaweza kudhani ni upepo.

Jinsi ya kupima. Tairi la mbele lazima liwe hewani kabisa. Kruza nyingi hazina stendi ya kati, kwa hiyo jeki chini ya fremu, kipande cha ubao juu ya jeki, na mtu ameshika nyuma, au kamba mbili imara kutoka juu kama una boriti ya kuaminika. Usiweke jeki kwenye bomba la moshi wala kwenye chujio la oili, nimeona yote mawili. Ikishatulia, sogeza usukani kidogo kutoka katikati, uachie. Unatakiwa uanguke wenyewe mpaka mwisho, taratibu, laini, pande zote mbili. Sasa:

Ukikaa pale pale ulipouachia, au ukaanguka kwa kusitasita, imebana.

Ukisikia kama kuna kashimo katikati na unapenda kurudi hapo, beringi zimekufa, vyuma vimejichimba. Hakuna kukaza wala kulegeza hapo, ni mpya, na ubadilishe pamoja na vikombe vyake vilivyopigwa ndani ya fremu, usiweke beringi mpya kwenye vikombe vya zamani. Ya chini ndiyo hufa kwanza, inabeba mzigo na kula maji.

Shika ncha za chini za shokapu za mbele, vuta kuja kwako, sukuma. Ikigonga, imelegea.

Tahadhari moja: nyaya na mipira ya breki inaweza kukudanganya. Kama mtu aliweka usukani mrefu na mipira imekakamaa, usukani utagoma kuanguka hata kama beringi ni nzima. Fungua nyaya kwenye vibanio vyake kwanza, halafu upime tena.

Kurekebisha sasa. Kuna nati kubwa juu kabisa katikati ya stelingi, na chini yake kuna ringi yenye meno, hiyo ringi ndiyo inayokaza beringi. Kosa langu la Jumamosi ya tatu, nikishajua tatizo ni nini: nililegeza nati ya juu, nikazungusha ringi, sikuona tofauti yoyote, nikazungusha tena, wapi. Sababu ni kwamba shokapu zote mbili zilikuwa bado zimebanwa na vishikio vya juu na vya chini, kwa hiyo stelingi yote ilikuwa kitu kimoja, haiwezi kupanda wala kushuka. Lazima ulegeze zile bolti zinazobana shokapu kwenye kishikio kimojawapo, kitabu cha pikipiki yako kitakwambia za juu au za chini. Hakikisha tairi liko hewani na shokapu hazitateleza.

Na mtego wa pili: ukimaliza kuweka ringi vizuri, ukikaza ile nati kubwa ya juu inaisukuma ringi chini na beringi inabana tena. Kwa hiyo unaiacha ringi ikiwa imelegea kidogo sana kuliko unavyotaka, unakaza nati kwa kipimo cha kitabu, unapima kuanguka upya. Mimi hurudia mara tatu nne mpaka nipate. Kaza zile bolti za shokapu pia kwa spana ya kipimo, sio kwa hisia za mkono. Kama umeweka beringi mpya, rudi uziangalie baada ya kilomita mia kadhaa, huwa zinajikalisha.

Pia nisisahau, kuna watu hupima kwa kuachia usukani wakiwa mwendoni waone kama utatikisika. Acha. Ukitikisika ndio umeshajua, na umeshaanguka.

Ya shemeji ilikuwa imebana. Robo mzunguko tu, hata haikufika.

Hatua ya 5: Siti, usukani, kioo

Baada ya hapo ndio fikiria kununua. Siti laini inayokumeza dukani ndiyo itakayokuua kilomita ya 80, sponji ikishalala unakalia chuma. Tafuta sponji ngumu kiasi na pana nyuma. Usukani mrefu mimi siupendi, lakini ukiweka, washa injini ikiwa imesimama kwenye gia huru, geuza usukani mwisho hadi mwisho, injini ikipandisha resi yenyewe basi waya wa mafuta ni mfupi, usitoke nayo. Kioo cha upepo, ncha yake ya juu iwe usawa wa pua au mdomo, uangalie juu yake sio kupitia ndani yake. Kioo kikubwa kilichofungwa kwenye usukani pamoja na boksi zito nyuma ya ekseli, hao wawili wakikutana kwenye mwendo mkubwa pikipiki inaanza kucheza.

Hatua ya 6: Dereva

Hii nilimwambia shemeji mwisho kwa sababu ya heshima. Kruza ni ndefu, nyingi ekseli kwa ekseli ni milimita 1600 na zaidi, na shokapu za mbele zimelala nyuzi 30 au zaidi wakati pikipiki za mbio ni kama 24. Inapenda kunyooka. Haiendi kona kwa kuiinamia, sukuma mpini: unataka kulia, sukuma mpini wa kulia mbele, itainama yenyewe. Yeye alikuwa anavuta. Futresti ikianza kukwaruza umefika mwisho, usiongeze, maana kinachofuata kugusa ni fremu au bomba la moshi na vyenyewe havikunji.

Kwenye mwendo mdogo, nusu klachi, mafuta kidogo, breki ya nyuma imeguswa tu, macho kule unakotaka kutokea. Breki ya mbele usiiguse usukani ukiwa umegeuka, kilo 250 zinalala chini kabla hujasema "mama". Tulizungusha duara uwanjani mpaka klachi ikaanza kunukia, tukapumzika, tukarudia.

Saa kumi na moja jioni akaondoka nayo. Siti bado hajanunua, usukani amefuta kwenye orodha, kioo anasema atafikiria. Kiuno bado kinalalamika kidogo baada ya saa mbili, hapo nimemwambia asogeze futresti kwanza, wiki ijayo tunafungua kile chuma cha gia.