Nyuki wakihamia bustanini, petroli iache dukani

Wanaonipigia simu huanza na swali lile lile: nimwage petroli au mafuta ya taa? Usimwage chochote. Watoto waingie ndani, mbuzi aliyefungwa kamba mwondoe mapema maana hana pa kukimbilia, kisha simama mbali uwatazame ni nyuki gani.

Kama wamening'inia tawini fungu zima na huoni sega, hao ni wasafiri. Wamejaza asali tumboni na hawana majana, yaani mayai na watoto wao, ya kulinda. Waache, mara nyingi huondoka wenyewe baada ya saa chache au siku mbili tatu.

Wakiwa wadogo mithili ya inzi na mlango wao ni kijibomba cha nta ukutani au kwenye gogo, hao ni nyuki wadogo wasiouma. Una bahati. Gogo libebe usiku bila kulipindua: mayai yao huelea juu ya chakula, ukiligeuza yanazama.

Kazi ni waliokwisha kujenga. Shangazi yangu pale Kihonda, Morogoro, aliwapata ndani ya pipa kuukuu chini ya mpapai. "Baba, njoo uwachukue wageni wako," akaniambia, hata shikamoo yangu hakuimaliza kuisikia.

Nilianza giza lilipoingia. Veili, glovu, ovaroli, na suruali ndani ya gamboti. Kifundo cha mguu ndicho wanachokianza. Tochi niliifunga nailoni nyekundu, kwa sababu rangi hiyo nyuki haioni. Bomba la kuwafukizia nyuki moshi nalijaza magunzi. Weka kiganja mbele ya mdomo wake: kikiungua, moshi huo utawaunguza na wao.

Masega yenye majana niliyakata moja moja nikayafunga kwenye viunzi vya mzinga kwa kamba za mgomba, upande wa juu ukibaki juu. Hapo usiwe na haraka. Nyuki wetu ni wepesi kuhama. Ukiwapa mzinga mtupu, asubuhi huwakuti, ila majana huwashikilia. Masega ya asali yalikwenda kwenye ndoo yenye mfuniko, maana asali ikimwagika inaita siafu. Nyuki waliobaki niliwakung'utia mzingani. Malkia akiwa ndani, wengine watamfuata.

Ukisikia harufu ya ndizi mbivu, acha, rudi nyuma. Aliyechoma huacha harufu hiyo kuwaita wenzake. Mimi niliidharau mara moja, nikachomwa kumi na nne. Mwiba ukwangue upesi kwa ukucha. Anayevimba midomo au kubanwa kifua hata kwa mwiba mmoja apelekwe hospitali saa hiyo hiyo, na kazi hii asiiguse tena. Wakiwa juu ya dari au ndani ya ukuta, mwite afisa nyuki wa halmashauri.

Mzinga niliuacha pale pale hadi usiku wa pili, wote waingie, nikauziba kwa wavu na kuupeleka zaidi ya kilomita tatu. Zamani niliwahi kuhamisha mita mia mbili tu. Kesho yake wengi wakarudi kwao. Mzinga wa shangazi sasa unaning'inia mtini kwa waya uliopakwa grisi.

Pipa nililisugua kwa sabuni na maji ya moto hadi harufu ya nta ikaisha, la sivyo kundi jingine lingehamia. Shangazi anakingia maji ya mvua.