Kabla farasi wa mbio hajashushwa kwenye lori, panga chakula kwanza

Kama unachukua farasi aliyestaafu mbio pale uwanja wa mbio wa Ngong, Nairobi, au ndo unaanza kazi ya usaisi (kutunza farasi), tandiko na hatamu zitapatikana tu, we uliza kwanza huko anakotoka alikuwa anakula nini, kiasi gani, saa ngapi. Omba hata gunia moja la kile kile, maana ukimbadilishia ghafla tumbo linaweza kumsokota. Changanya polepole, siku 7 mpaka 14.

Nyasi kavu ziwe stoo kabla hajafika. Farasi wa kilo 500 anataka si chini ya kilo 7 au 8 kwa siku, Boma Rhodes (aina ya nyasi za malisho) safi ni sawa kabisa, na asikae masaa mengi bila kutafuna kwa sababu tumbo lake linatoa asidi muda wote hata asipokula, na mate ya kuipoza hutoka akitafuna tu. Ndo maana vidonda vya tumbo vimejaa kwa farasi wa mbio, wanashindiliwa nafaka, nyasi kiduchu, halafu wanakimbizwa tumbo tupu asidi inaruka mpaka juu. Lusini (alfalfa) kidogo kabla ya mazoezi inasaidia sana.

Nafaka nunulia mizani, kopo la oti na kopo la mahindi hayana uzito mmoja. Mlo mmoja usizidi kilo 2 hivi, ikizidi wanga unapita haujameng'enywa unaenda kuchacha kwenye utumbo mpana, na hapo sio tumbo tu, hata kwato zinawaka moto, yaani zinavimba ndani na kuuma sana.

Kinachonitia hofu zaidi ni chakula cha ng'ombe na kuku. Baadhi kimetiwa monensini, dawa inayochanganywa kwenye chakula cha mifugo, ng'ombe na kuku wanaivumilia ila farasi inamharibu moyo, kidogo tu inaua. Kwa hiyo usiazime dairy meal kwa jirani, na ndoo ya kupimia iwe yake peke yake. Mahindi yenye ukungu nayo hapana, sumu yake inakula ubongo.

Maji lita 25 mpaka 50 kwa siku. Meno yakaguliwe, kinyesi kipimwe minyoo.

Namba ya daktari anayejua farasi (si wote wa mifugo wanawajua) bandika mlangoni. Akianza kukwaruza chini na kugeuka kuangalia ubavu, kinyesi hakuna, hiyo ni dalili tumbo linamsokota, toa chakula upige simu, na usimnyweshe mafuta kwa chupa, farasi hatapiki, tumbo likijaa halina pa kutolea, na mafuta yakipotea njia yakaingia mapafuni hiyo ni kesi nyingine.