Kubadilisha mandharinyuma taratibu kwenye filamu ya molekuli kwa PyMOL

Niliwahi kuwaeleza wanafunzi wa uuguzi jinsi selimundu inavyoanza. Slaidi ya kwanza ilikuwa nyeupe, ya pili nyeusi, himoglobini ni ileile. Mmoja akanyoosha mkono: "Mwalimu, hii ni molekuli nyingine?" Swali lilikuwa halali. Rangi ya nyuma ikikatika ghafla, jicho huhesabu kwamba tumehama mahali. Tangu siku hiyo mandharinyuma yangu hubadilika fremu kwa fremu, ndani ya PyMOL yenyewe, yaani programu ya kuchora molekuli.

1. Leta molekuli. Natumia 2HBS (namba ya muundo huu katika hifadhi ya PDB), himoglobini S, ile ya selimundu, isiyo na oksijeni. Ndani yake mna molekuli mbili zilizogusana, na ugonjwa unaanzia hapo: kwenye nafasi ya 6 ya mnyororo wa beta, asidi amino iitwayo valini imekaa mahali pa nyingine, asidi ya glutamiki, na inajipachika kwenye kishimo cha molekuli jirani.

```
fetch 2hbs
remove solvent
as cartoon
color grey60
select valini, resn VAL and resi 6 and chain B+D+F+H
show spheres, valini
color orange, valini
orient
```

Rangi ya chungwa nimeichagua kwa sababu. Manjano hung'aa vizuri kwenye giza, lakini kwenye mandharinyuma meupe hufifia hadi valini isionekane, na valini ndiyo habari yenyewe.

2. Weka ukungu, yaani kufifia kwa sehemu za molekuli zilizo mbali.

```
set depth_cue, 1
set ray_trace_fog, 1
set ray_opaque_background, 1
```

Hapa wengi hukosea. Huchora molekuli bila mandharinyuma, kisha wanabandika rangi baadaye kwenye programu ya video. Shida ni kwamba ukungu wa PyMOL hufifisha sehemu za mbali kuelekea rangi ya nyuma. Ukibandika bluu iliyokolea nyuma ya molekuli iliyochorwa kwenye weupe, sehemu za mbali hubaki na weupe kama zimemwagiwa unga. Rangi ikibadilika ndani ya PyMOL, ukungu huifuata. Mstari wa tatu usiuache: bila huo picha zinaweza kutoka zikiwa wazi nyuma, na kazi yote ya rangi ikapotea.

3. Andika skripti. Ihifadhi kama `mpito.py`, kisha andika `run mpito.py`.

```
from pymol import cmd
A = (0.93, 0.95, 0.97)
B = (0.05, 0.08, 0.16)
n = 60
for i in range(n):
    t = i / (n - 1)
    s = t * t * (3 - 2 * t)
    rangi = [a + (b - a) * s for a, b in zip(A, B)]
    cmd.set_color("nyuma", rangi)
    cmd.bg_color("nyuma")
    cmd.turn("y", 0.5)
    cmd.png("fremu%04d.png" % i, width=1920, height=1080, ray=1)
```

Fremu 60 ni sekunde 2 kwa kasi ya fremu 30 kwa sekunde. Mstari wa `s` ndio unaoleta ulaini: rangi inaanza polepole, inakaza mwendo katikati, inatulia mwishoni. Ukitumia `t` peke yake, mtazamaji huona mwanzo na mwisho kama mshtuko mdogo. Molekuli nayo inazunguka nyuzi 30 tu kwa jumla. Vitu viwili visishindane.

4. Kagua fremu ya 0, ya 30 na ya 59. Ya 30 ndiyo ya hatari, kwa sababu mandharinyuma hapo ni kijivu na utepe wa protini nao ni kijivu. Ukiona protini imezama, badilisha `grey60` iwe `lightblue` au `wheat`, uchore upya. Maandishi yasiwepo wakati wa mpito. Yatokee rangi ikishatulia.

5. Unganisha fremu ziwe video kwa programu ya ffmpeg, kwenye dirisha la amri la kompyuta.

```
ffmpeg -framerate 30 -i fremu%04d.png -vf noise=alls=3:allf=t -c:v libx264 -crf 16 -pix_fmt yuv420p mpito.mp4
```

Chembechembe za `noise` huvunja mistari ya ngazi inayojitokeza kwenye rangi za giza, hasa kwa projekta.

6. Ingiza kwenye slaidi. Tandaza video ijaze slaidi nzima. Slaidi iliyotangulia ipe rangi ya fremu ya kwanza (237, 242, 247), inayofuata ipe ya fremu ya mwisho (13, 20, 41). Kisha jaribu kwenye projekta ya ukumbi wenyewe, taa zikiwa zimezimwa, kwa maana kompyuta nyingi huonyesha giza tofauti kabisa na ukuta.