Somo: Jani linavyogeuka maziwa tumboni mwa ng'ombe

Wanaokula supu ya utumbo wanalijua taulo, lile pande lenye vinyweleo. Hilo ndilo rumeni, chumba kikubwa kuliko vyote vinne vya tumbo la ng'ombe. Kwa ng'ombe mkubwa hubeba lita 100 na zaidi. Ng'ombe mwenyewe hana kimeng'enya cha kuvunja nyuzi za majani. Kazi hiyo hufanywa na vijidudu walio humo, kwa hiyo unapojaza hori, unawalisha wao kwanza.

Hatua ya 1: Katakata, usisage. Matete yakatwe vipande vya sentimita 3 hadi 5. Ukiyafanya laini kama chai, hatacheua vya kutosha.

Hatua ya 2: Mwache acheue. Nenda bandani mchana akiwa amelala. Tazama shingo: utaona tonge linapanda kutoka chini, anatafuna, anameza, kisha baada ya kitambo kidogo linapanda jingine. Hesabu. Mwenye afya hutafuna kila tonge mara 50 hadi 70, na kwa siku hucheua saa 6 hadi 8. Akicheua anatoa mate, lita 100 au zaidi kwa siku, na mate hayo yanapoza asidi ya rumeni kama magadi.

Hatua ya 3: Weka ngumi ubavuni. Upande wa kushoto, nyuma ya ubavu wa mwisho, pana kishimo. Bonyeza ngumi hapo utulie. Rumeni likijikunja litaisukuma, mara moja au mbili kwa dakika. Kimya cha dakika kadhaa si dalili njema.

Hatua ya 4: Badilisha chakula taratibu. Hapa niliumia. Nilipata pumba za bei nafuu, nikampa mtamba wangu ndoo nzima asubuhi moja. Jioni alikuwa amesimama kichwa chini, anaharisha maji yenye harufu ya uchachu, hagusi jani. Wanga ukizidi ghafla, asidi hupanda na vijidudu wanaokula nyuzi hufa. Daktari alimuokoa, lakini fedha niliyookoa kwenye pumba iliisha yote. Siku hizi chakula kipya naongeza kidogo kidogo kwa wiki mbili.

Hatua ya 5: Maji yasikatike. Basi.

Vijidudu wakichachua majani hutoa asidi za mafuta ambazo hupenya ukuta wa rumeni na kuingia kwenye damu. Nguvu nyingi za ng'ombe hutoka hapo. Moja ya asidi hizo, asetati, huchangia mafuta ya maziwa, na nyingine, propionati, hugeuzwa glukosi kwenye ini, kisha sukari ya maziwa. Ndiyo maana ukipunguza majani na kujaza pumba, maziwa yanakuwa mepesi. Mabaki hupita chumba cha omasamu, ambako maji hunyonywa, halafu abomasamu, tumbo lenye asidi kama letu. Huko na kwenye utumbo mwembamba vijidudu wenyewe humeng'enywa, wakawa protini ya mfugaji wao.

Maswali ya wanachama

*Mkuu, ndama wangu ana wiki mbili. Nimpe majani badala ya maziwa?*
Hapana. Rumeni lake bado dogo. Akinyonya, mfereji ulio mwisho wa umio hujikunja na kupeleka maziwa moja kwa moja abomasamu. Endelea na maziwa, ila mwekee chakula kikavu cha ndama kidogo na maji safi aonje. Vinasaidia rumeni kukua.

*Ng'ombe wa jirani alimeza msumari. Utatoka na kinyesi?*
Usitegemee hivyo. Chuma hutua retikulamu, chumba kilicho karibu na moyo, na chumba hicho kikijikunja chuma kinaweza kuchoma. Aitwe daktari wa mifugo mapema. Nailoni nayo haisagiki, hujikusanya mpaka inaziba njia.

*Naona punje za mahindi nzima kwenye kinyesi. Ni minyoo?*
Siyo lazima. Ganda la punje ni gumu, na isipopasuliwa hupita kama ilivyoingia. Yavunje vipande vipande, lakini usifanye unga.

*Ubavu wa kushoto umevimba kama ngoma, alikula lusina (alfalfa) mbichi yenye umande.*
Acha kusoma hapa, mpigie daktari sasa hivi. Gesi imenaswa kwenye povu, hawezi kubeua, na inamkandamiza mapafu. Msimamishe sehemu ya mwinuko, miguu ya mbele ikiwa juu, wakati unamsubiri.